Mpaka ambao haukuandikwa: kisa cha kaya moja na machimbo ya mawe

Kisa hiki ni cha kaya moja ya Wamijikenda, yaani msitu mtakatifu wa mababu, upande wa bara wa Pwani ya Kenya. Jina la kaya, la kijiji na la kila aliyehusika limeondolewa, na alama chache zinazoweza kutambulisha mahali zimebadilishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya wanaosimamia misitu ya jadi, wawe wazee, vijana wa doria au maafisa, kwa sababu swali lililowakalia wazee hawa kooni linajitokeza kila mahali penye msitu wa mababu: utalindaje mahali ambapo sehemu ya ulinzi wake ni siri, mbele ya sheria inayotaka kila kitu kionyeshwe na kuandikwa?

Usuli

Kaya zilianza kama vijiji. Kuanzia karne ya 16 hivi, Wamijikenda walijenga makao yao vilimani ndani ya msitu mnene, wakazungushia boma na kuacha njia chache tu za kuingilia, kila njia na lango lake. Ndani palizikwa fingo, kinga ya wote waliokaa humo. Kufikia miaka ya 1940 karibu watu wote walikuwa wamehamia nje kulima na kufuga, lakini kaya hazikugeuzwa mashamba. Ziliendelea kuwa mahali pa makaburi, pa kuombea mvua na pa kuamulia mambo mazito. Msitu uliokuwa ukuta wa kijiji ndio uliobaki, na wazee wakaendelea kuulinda kama bado kuna watu ndani.

Miiko inajulikana na kila aliyekulia jirani. Mti haukatwi, mifugo hailishwi, njia haipanuliwi, viatu huvuliwa pale wazee wanaposema vivuliwe. Anayevunja hutoa kuku au mbuzi, kosa likasafishwa kwa kafara. Hata asiyejua lolote la mila huyaona matokeo kwa macho: unatoka kwenye mahindi na mikorosho, hatua chache mbele uko chini ya mbambakofi na mivule ambayo kwingineko imeshaliwa na misumeno. Misitu yenyewe ni midogo. Ile iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008 ni kumi, na ukubwa wake ni kati ya hekta 30 na 300 hivi. Mwaka uliofuata, mila za kaya nazo ziliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kunusuriwa haraka. Nchini zilishaanza kutangazwa kumbukumbu za kitaifa tangu miaka ya 1990.

Kaya ya kisa hiki haimo katika hizo kumi. Ilitangazwa kwenye gazeti la serikali kwa maneno machache, ikapewa kibao cha bati kando ya barabara, basi. Tangazo lilitaja jina na ukubwa wa kukadiria. Halikusema msitu unaanzia wapi na kuishia wapi.

Wenyeji wenyewe walikuwa wakijua, na walichokijua kilikuwa na tabaka. Katikati ni kwa wazee peke yao. Kuizunguka kuna msitu mkubwa, ambako mtu hupita kwa ruhusa. Halafu kuna ukingo wa nje, kichaka cha miti mifupi kinachoteremka hadi chini ya kilima, penye makaburi ya zamani na njia ya kuelekea langoni. Humo akina mama waliruhusiwa kuokota kuni zilizokauka, kwa mkono, bila panga. Kwa mgeni, ukingo huu ni pori tu. Kwa kaya ni kizingiti chake, na ndio unaozuia moto wa mashambani usifike kwenye miti mikubwa.

Jambo jingine la usuli ni chini ya ardhi. Kilima ni cha mawe ya chokaa, na mji unaokua haushibi kokoto.

Upimaji uliopita bila kelele

Miaka mingi kabla ya mgogoro, ardhi ya eneo hili ilipelekwa kwenye upimaji wa umiliki. Utaratibu wake unafahamika: kamati ya ardhi ya wenyeji inateuliwa, kila familia inaonyesha mipaka yake, ugomvi unasikilizwa, kisha rejista inawekwa wazi kwa siku 60 ili mwenye pingamizi alilete. Familia zote zilikuwa na wa kuzisemea. Kaya haikuwa naye.

Wapimaji walikwenda kwa wazee kwa heshima wakaomba waonyeshwe mpaka. Wazee walikataa. Mkubwa wao alimjibu kijana wa bikoni, "Mwanangu, kaya haisontwi kidole. Nyinyi pimeni mashamba ya watu, kaya mtaiona wenyewe."

Kukataa huko kulikuwa na msingi. Wazee walishaona vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu wao, vikiibwa usiku na kuuzwa ng'ambo. Viwili tu vilivyorudishwa kutoka makumbusho za Marekani mwaka 2007 vilichukua zaidi ya miaka 20 kurejea nyumbani. Walishaona pia kwamba kila mgeni aliyetembezwa msituni kwa kisingizio cha utafiti, nyuma yake walifuata wapasua mbao. Siri ilikuwa silaha yao, na kwa vizazi ilikuwa imefanya kazi.

Wapimaji basi waliiona wenyewe, kama walivyoambiwa: walifuata pale miti mirefu inapoishia. Ukingo wote wa nje ukagawanywa viwanja kwa familia za jirani. Siku 60 zikapita, rejista ikiwa ofisini mjini, na hakuna mzee aliyekwenda kuisoma. Hatimiliki zikatoka.

Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika, kwa sababu waliopata viwanja walikuwa watoto wa hapo hapo. Walikuwa na karatasi ya ardhi lakini waliendelea kushika miiko. Nadhani hapa ndipo hatari ilipokuwa kubwa kuliko penginepo. Msitu ulionekana salama, na usalama wake ulikuwa umeshahama kutoka kwa jamii nzima hadi kwenye nia njema ya watu wachache, ambao ipo siku wangekufa na kurithiwa.

Mgogoro

Mmoja wa wenye viwanja alifariki. Wanawe, waliokuwa wakiishi mjini na wakidaiwa karo na gharama za hospitali, waliuza. Mnunuzi naye akauza. Mwenye ardhi wa tatu akaikodisha kwa kampuni ya kokoto.

Waliogundua kwanza ni akina mama wa kuni. Tingatinga lilikuwa limefungua njia katikati ya safu ya minyaa iliyopandwa na babu zao kama alama. Mashimo ya kujaribia mawe yalikuwa yameshachimbwa, na vijana kadhaa wa kijiji, baadhi yao wajukuu wa wazee wa kaya, walikuwa wameajiriwa vibarua. Siku za mwanzo kampuni ilipasua kwa nyundo na mashine. Kisha ikasikika kwamba baruti inakuja.

Neno hilo liliwagusa wazee kuliko tingatinga lenyewe. Mwaka 1914, katika vita vya Wagiriama, mmoja wa makabila ya Mijikenda, vilivyochochewa na mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Habari hizo husimuliwa katika kila kaya, si ya Wagiriama peke yao.

Wazee walikwenda kwa chifu. Chifu aliwaonyesha nakala ya hatimiliki: ardhi ina mwenyewe, ataizuiaje? Walikwenda ofisi ya uhifadhi. Huko walipokewa vizuri na kuulizwa swali moja ambalo hawakuwa na jibu lake la maandishi: mpaka wa kaya ni upi? Kwenye tangazo la serikali haupo, kwenye ramani ya upimaji ni ule wa miti mirefu, na machimbo yako nje yake.

Kijijini mambo yalishaanza kugawanyika. Wapo vijana waliotaka kulichoma tingatinga usiku. Wapo waliosema wazee wanawanyima kazi. Na palianza mnong'ono mbaya, kwamba wazee wanakwenda kayani usiku kufanya yao. Anayeijua Pwani anajua mnong'ono wa namna hiyo unaweza kuishia wapi. Wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma pana ugomvi wa shamba.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kuwazuia vijana wasichome kitu. Haukuwa mwepesi, kwani hasira ilikuwa ya haki. Hoja iliyoshinda ilitolewa na mama mmoja mtu mzima: likichomwa tingatinga leo, kesho kesi ni ya tingatinga, na kaya haitatajwa tena. Vijana walikubali kwa sharti kwamba wazee nao waonyeshe watafanya nini, na kwa lini.

Wa pili ni wa kiapo. Wengi walitarajia wazee wawalishe kampuni kiapo au kuwaapiza. Badala yake walijiapiza wao: kwamba hakuna mzee wa kaya atakayepokea hela, kazi, mbuzi wala zawadi kutoka upande wowote mpaka jambo liishe, na atakayepokea, kaya itamjua. Walifanya hivyo hadharani, nje ya lango, mbele ya vijana waliokuwa wakiwashuku. Si muda mrefu baadaye kampuni ilituma watu na ahadi ya tangi la maji, mabati ya shule ya chekechea na "pesa ya kafara" kwa wazee. Tangi na mabati vilijadiliwa kwenye baraza, mbele ya wote. Pesa ya kafara ilirudi na aliyeileta.

Wa tatu ulikuwa kutafuta karatasi za kampuni. Chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, machimbo hayaanzi bila tathmini ya athari kwa mazingira, na watu wa mahali lazima washirikishwe. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mzaliwa wa hapo, aliipata ripoti. Ukurasa ulioeleza eneo ulisema ni kichaka kisicho na matumizi maalumu. Palikuwa na orodha ya waliohudhuria mkutano wa wananchi, na majina mengi yalikuwa ya vibarua wenyewe. Mzee wa kaya hakuwemo hata mmoja, wala mama wa kuni. Leseni ilikuwa bado haijatoka. Pingamizi liliandikwa na kufikishwa ndani ya muda, pamoja na picha za njia iliyokatwa kwenye minyaa.

Lakini pingamizi hilo lilirudi kwenye swali lile lile la mpaka. Hapo ndipo ulipofanywa uamuzi wa nne, mgumu kuliko yote.

Mjadala wa kuuonyesha mpaka au kutouonyesha uliwachukua wazee mikutano mingi, na kulikuwa na siku waliachana bila kuagana vizuri. Mmoja alisema siku kaya itakapochorwa, mwizi hahitaji tena kiongozi. Mwingine alimjibu kwamba mwizi ameshaingia bila ramani, na wao ndio hawana. Hakuna aliyekuwa amekosea. Walipatana kwa kutenganisha mambo mawili ambayo muda wote yalikuwa yakisemwa pamoja: nje ya kaya na ndani ya kaya. Nje itaonyeshwa kwa kila mtu, kwa sauti. Ndani itabaki ilivyo.

Walipanga kuutembea mpaka wote kwa miguu. Wazee walitangulia, na pamoja nao walikwenda akina mama wa kuni, wachungaji wa mbuzi, wenye viwanja waliobaki, mwakilishi wa chifu na mpimaji kijana mwenye kifaa cha GPS. Mpimaji aliombwa avae kaniki na avue viatu pale penye makaburi. Alivua.

Kilichotokea njiani hakikutarajiwa na wazee wenyewe. Katikati na malango waliyajua vema, lakini sehemu ndefu za ukingo hawakuwa wamezikanyaga kwa miaka. Waliozijua ni akina mama. Mmoja wao alisimama kwenye kijito kikavu, akaonyesha jiwe bapa lililolainika juu. "Hapa ndipo mama yangu alipokuwa akitua mzigo," alisema. "Ukivuka huku, panga hulishiki tena. Kule nyuma unaweza kukata fito, huku unaokota tu." Hatua chache mbele alionyesha mbuyu, na baada ya mbuyu mstari wa minyaa michache iliyobaki kati ya magugu. Mchungaji wa makamo akaongeza alama ambayo hata akina mama hawakuwa nayo: pale baba yake alipokuwa akiwapigia mbuzi mluzi warudi. Alama hizi zote zilianguka katika mstari mmoja.

Mahali pamoja koo mbili zilikuwa na mistari miwili tofauti kuhusu lango la upande wa machweo. Walibishana kwa Kimijikenda kwa muda mrefu, mpimaji akisubiri kivulini. Hatimaye walikubaliana kuchukua mstari wa nje zaidi, ili ukoo wowote usipoteze kitu, na mabishano ya lango wayamalize wenyewe siku nyingine.

Palipokuwa na kipande kinacholazimu kupita ndani, kifaa kilizimwa na kuwashwa tena upande wa pili. Kwenye ramani iliyotoka, katikati ni nyeupe. Hakuna njia, hakuna kaburi, hakuna alama. Pameandikwa tu: eneo la kaya, halipimwi.

Uamuzi wa mwisho ulihusu wenye viwanja. Wapo waliotaka wote washtakiwe wanyang'anywe. Wazee walikataa, kwa kuwa watu hawa ndio waliouhifadhi ukingo miaka yote bila kulipwa. Waliombwa waandike ahadi ya kutofyeka wala kuuza bila kuijulisha kaya kwanza. Karibu wote waliandika. Mmoja alikataa, akisema karatasi ni yake na watoto ni wake.

Matokeo

Leseni ya machimbo upande wa kaya haikutolewa. Kampuni ilihamishia mashine zake kwenye kilima kingine, na kwa wanaoishi huko hiyo si habari njema hata kidogo. Ramani ya mpaka wa nje imepelekwa kwenye ofisi husika ili tangazo la kumbukumbu ya kitaifa lirekebishwe na liwe na mipaka inayosomeka.

Kilichopotea kimepotea. Njia ya tingatinga imebaki kidonda kwenye kilima, mvua kubwa zinaupeleka udongo wake kwenye kijito, na mbambakofi mmoja uliokatwa mizizi upande mmoja ulianguka masika yaliyofuata. Kiwanja chenyewe bado ni mali ya aliyekinunua, na suala la hatimiliki yake liko mahakamani. Vijana waliokuwa vibarua walirudi kukaa bila kazi. Wengine wamehamia machimbo mapya, wengine wamegeukia makaa.

Na mzee mmoja, yule aliyesimama mbele zaidi kwenye pingamizi, halali tena nyumbani kwake. Mnong'ono ulimfikia kwa jina. Watoto wake walimchukua akakae mjini, na huja kayani mchana tu, akisindikizwa.

Uchambuzi

Kilichoiokoa kaya hii, kwa maoni yangu, ni ule uamuzi wa kutenganisha nje na ndani. Kabla yake wazee waliamini kwamba wana mambo mawili tu ya kuchagua: kusema yote au kunyamaza. Kunyamaza kulikuwa kumewagharimu ukingo mzima katika upimaji wa kwanza, na kusema yote kungewagharimu kitu ambacho hakirudi. Ramani yenye katikati nyeupe ilikidhi haja ya ofisi bila kuwalazimisha wazee wavunje kiapo chao kwa waliowatangulia. Ofisi ya mazingira haihitaji kujua fingo iko wapi. Inahitaji kujua tingatinga lisipite wapi.

Hapo ndipo sheria ilipoanza kuwa na meno. Vifungu vilikuwepo siku zote. Ibara ya 63 ya Katiba ya 2010 inataja misitu ya jamii na mahali pa ibada za jadi kuwa ardhi ya jamii. Ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Lakini vifungu hivyo vinahitaji mahali pa kukanyaga. Kibao cha bati barabarani hakikuvipa, na bila mstari ule wa kijito, mbuyu na minyaa, mwanasheria hodari asingekuwa na la kuonyesha.

Nafasi ya akina mama inastahili kusemwa wazi kuliko inavyosemwa kwa kawaida. Maafisa wakifika kwenye kaya huuliza wazee, na kwa mambo ya ndani hiyo ni sawa. Ila elimu ya ukingo, ya wapi panga linakoma, iko kwa anayeingia kila siku kutafuta kuni. Katika kisa hiki waligundua uvamizi kwanza, walitoa hoja iliyozuia moto, na walitoa alama zilizokubalika. Hata hivyo, walipochaguliwa wawakilishi wa kuzungumza na ofisi, hakuna mwanamke aliyetajwa mpaka mwalimu alipouliza kwa nini. Wawili waliongezwa.

Kiapo cha wazee kilifanya kazi mbili. Kiliwafunga mikono wasinunulike, na kiliwapa vijana kitu cha kupimia uaminifu wao. Wasimamizi wengi wa nje huiona mila kama pambo la ufunguzi: wazee waje waombe dua, halafu kazi ianze. Hapa mila ndiyo iliyobeba uadilifu wa jambo zima, kwa namna ambayo fomu ya kutangaza maslahi isingeweza.

Sasa yaliyoshindikana.

La vijana ni zito kuliko yote. Tangu mwanzo walishughulikiwa kama hatari ya kuzuiwa, ama wasichome, ama wasiuze. Hakuna aliyekaa nao kuuliza kaya inawapa nini. Kijana aliyekuwa akipata kibarua kwa wiki, akaambiwa aache kwa ajili ya mababu, na hakuna cha kuweka mezani badala yake, ana haki ya kuuliza. Doria ya msitu ilianzishwa baadaye, lakini ni ya kujitolea, na shirika lililosaidia siku za mwanzo lilileta posho kwa wachache kisha likaondoka. Posho hizo ziliacha uchungu mkubwa kuliko faida yake: waliopata walionekana wamelipwa kuilinda kaya, na wasiopata wakaona ulinzi si kazi yao. Zipo kaya, kama Kinondo upande wa Diani, ambako wageni huongozwa na wenyeji na mapato hubaki kijijini. Njia hiyo haifai kila kaya, na hii ya kisa chetu haiko karibu na hoteli. Mizinga ya nyuki kwenye ukingo na vitalu vya miche ya asili vilipendekezwa na vijana wenyewe, na pendekezo hilo lilichelewa kusikilizwa.

La pili ni usalama wa mzee yule. Jina lake moja liliwekwa mbele ya kila barua, kwa nia ya kumheshimu. Katika mazingira ambayo ugomvi wa ardhi huvikwa shutuma za uchawi, heshima hiyo ilimweka wazi. Barua zingeweza kubeba jina la kamati, na sahihi za wengi wa rika na jinsia zote, wakiwemo vijana. Hilo lilikuwa rahisi na halikufanyika.

La tatu ni kutegemea nia njema. Ahadi za wenye viwanja ni za sasa, na wanaozishika ni wa kizazi kinachozeeka. Dawa ya kudumu ni kuisajili kaya pamoja na ukingo wake kama ardhi ya jamii chini ya sheria ya 2016, kwa vile vipande ambavyo havijamilikishwa mtu, na kufanya mapatano ya kisheria kwa vile vilivyomilikishwa. Usajili unataka mkutano wa jamii wenye angalau theluthi mbili ya wanachama na kamati ya watu kati ya 7 na 15. Kwa jamii ambayo nusu ya watu wazima wake wako Mombasa na Malindi kutafuta riziki, theluthi mbili ni mlima. Jaribio la kwanza la mkutano liliitishwa msimu wa kupalilia, na waliofika hawakutosha.

Yapo pia mafunzo kutoka nje ya Pwani ambayo wazee hawa waliyafuatilia kwa karibu. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Waogiek, jamii ya asili ya msituni nchini Kenya, walikiukiwa haki zao kwa kufukuzwa katika Msitu wa Mau, na ikakataa hoja kwamba wao ndio walioumaliza msitu huo. Mwezi Juni 2022 iliagiza walipwe fidia na ardhi yao ya mababu ipimwe na waandikishiwe. Pamoja na hayo, mwishoni mwa mwaka 2023 kulikuwa na familia za Waogiek zinazobomolewa nyumba upande wa Narok. Hukumu iliyowapa haki ilikuwa kubwa kuliko pingamizi lolote la kijiji, na bado chini kwenye ardhi hali ilibaki vile vile kwa waliobomolewa. Ndiyo sababu wazee wa kaya hii hawakuisherehekea barua ya kukataliwa kwa leseni. Waliisoma kwenye baraza, wakaiweka pamoja na ramani kwa mwalimu, na nakala nyingine kwa mama wa kuni.

Kwa kaya na misitu ambayo upimaji wa ardhi bado haujaifikia, mambo ya kufanya mapema yanajulikana sasa. Mpaka wa nje utembewe na watu wa matumizi yote kabla mpimaji wa serikali hajafika. Mtu wa kuisemea kaya mbele ya kamati ya ardhi ateuliwe kwa jina, na wa pili wa kumsaidia, ambaye asiwe mzee wa kaya. Rejista ikiwekwa wazi, isomwe ndani ya zile siku 60, ukurasa kwa ukurasa, na nakala ibaki kijijini.

Hapa kwenye kisa chetu, mkutano wa pili wa usajili umepangwa baada ya mavuno, na vijana wa doria wamepewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuandikisha wanachama. Yule mwenye kiwanja aliyekataa kuandika ahadi amealikwa. Hajajibu.